Darasa la Kiswahili kwenye chuo cha mpira

Kabla sijakanyaga Marekani nilikuwa nimeshayavaa majina ya vyuo vyao. Aliyewahi kupekua robota la mitumba Karume, au Memorial kule Moshi, ananielewa: unatafuta fulana yenye afadhali, na mkononi zinapita Michigan, Duke, Alabama, North Carolina, Florida State. Kaka yangu alikuwa na sweta la Notre Dame alilolivaa mpaka viwiko vikatoboka, na nyumbani tulibishana kama hilo ni jina la kanisa, la timu au la shule. Nilipofika huko nikaona kwamba kila mmoja wetu alikuwa na haki yake. Lakini katika mitumba yote niliyopekua sikuwahi kukutana na fulana ya Caltech, chuo kidogo cha California ambacho walimu na wahitimu wake wamezoa tuzo za Nobel kwa makumi. Hicho nilikisikia kwa mwalimu wa fizikia tu.

Miaka niliyoishi kule ilinionyesha kwamba chuo kikuu cha Marekani kinaweza kuwa na majina mawili, moja la uwanjani na moja la maabara, na wenye chuo hulitumia la kwanza kununulia la pili. Bei yake hulipwa sehemu ambazo watu hawaziangalii sana. Kwa upande wangu sehemu hiyo ilikuwa darasa la Kiswahili.

Nilitoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenda kusoma shahada ya uzamili ya isimu, na ada yangu ililipwa kwa sharti la kufundisha Kiswahili ngazi ya kwanza na ya pili. Chuo chenyewe ni cha jimbo, kikubwa, kule katikati ya nchi kwenye mashamba ya mahindi. Jina lake naliacha. Na mtu asishangae Kiswahili kufundishwa huko mahindini. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walishtuka, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kugharamia masomo yaliyohesabiwa kuwa ya ulinzi wa taifa, zikiwemo lugha ambazo wao wachache walizijua. Lugha za Afrika zikapata fedha kwa mlango huo, Kiswahili kikiwa mbele.

Siku ya kwanza niliingia darasani nikakuta safu ya nyuma imekaliwa na watu ambao viti havikuwatosha. Walikuwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, pamoja na wasichana wawili watatu wa mpira wa wavu na wakimbiaji. Baadaye nilielewa walivyofika pale. Shahada nyingi zinadai lugha ya kigeni. Darasa la Kihispania limejaa vijana waliokisoma sekondari miaka minne, na anayeanza sifuri anaachwa njiani. Kiswahili wote wanaanza sawa, halafu kipindi chetu kilikuwa asubuhi, kabla ya mazoezi. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo washauri wao hawakuiandika kwenye fomu: vijana kadhaa Weusi walitaka lugha ya Afrika kwa moyo wao, wengine kwa sababu bibi zao waliwahi kusherehekea Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, na wakakua wanasikia umoja, ujamaa, kuumba bila kujua maneno hayo yanasema nini.

Nilipofundisha maamkizi niliwaambia kwetu mdogo ndiye anayeanza. Wiki iliyofuata kijana wa kilo kama mia moja na thelathini alinisimamisha nje ya kantini, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti iliyogeuza shingo za watu. Nilimzidi miaka michache tu. Nilimwitikia marahaba kwa uzito wote, ningefanyaje?

Jumamosi za mchezo mji ule ulikuwa hautambuliki. Watu walitoka miji ya mbali na magari yao ya kulala, wakachoma nyama kwenye maegesho tangu alfajiri, wazee wa miaka themanini wamevaa rangi za chuo kuanzia kofia hadi soksi. Kwa asiyefika huko, hesabu hii itamsaidia: uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, kule Ann Arbor, unachukua watu zaidi ya 107,000, na mji wenyewe una wakazi kama 120,000. Uwanja wetu wa Mkapa, ambao siku ya Simba na Yanga tunaona dunia nzima imehamia Temeke, ni wa watu 60,000. Na wale wanaopigana vikumbo pale katikati Jumatatu wana jaribio la ngeli.

Mchezo ukienda mapumziko, televisheni ilirusha tangazo la nusu dakika la kila chuo kinachocheza. Mle hamna mpira hata kidogo. Kuna binti mwenye miwani ya maabara, bwana anayeangalia mche wa soya, roboti, mtoto hospitalini, kisha nembo. Ni nusu dakika ambayo chuo kisingeweza kuinunua mbele ya mamilioni ya watazamaji, na kimeipata kwa sababu vijana wangu wanavunjana mbavu. Mwanzoni niliona ni kichekesho. Baadaye niliona kuwa huo ndio mkataba wenyewe, umewekwa hadharani kila Jumamosi.

Nilikwenda na dhana kwamba wanamichezo ni wavivu wa masomo, kama wengi tunavyoamini. Walikuwa wanalindwa kuliko mahabusu. Kulikuwa na mtu wa idara ya michezo aliyepita kwenye korido na orodha, akachungulia kwa kioo cha mlango kuona nani kaketi na nani hayupo. Katikati ya muhula nililetewa fomu za kila mmoja: anahudhuria? anakabidhi kazi? ana alama gani leo? Mwanafunzi wa kawaida angeweza kupotea wiki tatu na asiulizwe na mtu. Wa kwao akikosa kipindi kimoja, kocha alimwamsha kesho yake saa kumi alfajiri apande na kushuka ngazi za uwanja. Walikuwa na jengo lao la kusomea lenye walimu wa ziada, kompyuta na chakula, zuri kuliko maktaba yetu sisi tunaosoma uzamili.

Ila walikuwa wamechoka. Sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo tangu 1906, inasema mazoezi ya lazima yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Saa hizo hazihesabu safari, wala matibabu ya magoti, wala mazoezi yanayoitwa ya hiari ambayo kila mtu anajua asiyekwenda hachezi. Kijana akifika kwangu saa tatu asubuhi ameshakuwa macho tangu saa kumi na moja, amebeba vyuma, amekula mayai sita, na sasa namtaka aniambie kwa nini ni *kiti kile* lakini *watu wale*.

Yule wa shikamoo ndiye aliyenipa njia ya kufundisha ngeli ambayo naitumia mpaka leo. Uwanjani alikuwa wa safu ya mbele, wale wanaomkinga mpiga pasi. Timu yao ilikuwa na kitabu kinene cha mipango ya mchezo, mamia ya majina ya siri, na kila jina likitajwa wachezaji kumi na mmoja lazima wajue wasogee wapi. Siku moja akaniambia nomino ndiyo inayotaja mchezo, halafu kivumishi, kionyeshi na kitenzi vyote vinajipanga kuifuata. Mmoja akikosea, watu wanaumia. Aliposema hivyo safu yote ya nyuma ilielewa kwa mara moja. Safu ya mbele, wanafunzi wa siasa na uhusiano wa kimataifa wenye kalamu za rangi tano, ilichukua wiki nzima.

Kijana huyo alitaka uhandisi. Alikuwa na kichwa cha hesabu, na mimi si mtu wa kusifia ovyo. Lakini maabara za uhandisi zilikuwa mchana, na mchana ni wa mazoezi. Akaelekezwa kwenye shahada ambayo ratiba yake inakubaliana na kocha, na nusu ya wenzake walikuwa mle mle. Alipojaribu kuhama mwaka wa pili akakutana na kanuni ambayo kwa jina ni ya kulinda elimu: ili aendelee kucheza, mwanamichezo lazima awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake mwaka wa pili unapoisha, 60 wa tatu, 80 wa nne. Ukibadilisha shahada, kozi ulizosoma nyuma zinaacha kuhesabika, asilimia inashuka, unakaa benchi. Kwetu Mlimani hofu ilikuwa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa sababu umefeli. Kule niliona mtu anazuiwa na kufaulu kwake mwenyewe, kwa kuwa amefaulu kozi zisizo za shahada anayoitaka.

Sasa nimfikie binti mmoja wa Kapsabet, Kenya, mkimbiaji. Aliletwa na kocha wa riadha kwa ufadhili kamili, kama walivyoletwa wengi kabla yake. Njia hiyo ni ya zamani. Miaka ya sabini Washington State walikuwa na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa bado mwanafunzi. Suleiman Nyambui wetu alikuwa El Paso, Texas, na mwaka 1980 akatuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Mike Boit alianzia chuo cha New Mexico, akasoma mpaka shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 1988 dhahabu mbili za Kenya kule Seoul, ya mita 800 na ya 1,500, zilivaliwa na Paul Ereng na Peter Rono, wote wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Kwa hiyo binti huyu hakuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kuliona jina lake kwenye orodha yangu ya Kiswahili cha wanaoanza.

Alikuja ofisini kwangu akiwa na aibu.

"Mwalimu, mimi sikujua. Niliambiwa tu hii ni ya kuongeza marks."

"Mdogo wangu, wewe Kiswahili umefanyia mtihani wa taifa darasa la nane."

"Lakini nilipata C, Mwalimu. Na hiki chenu cha Tanzania kinaweza kuniangusha bado."

Tulicheka sana. Kemia ilikuwa imemshusha wastani, na akishuka tena kidogo asingeruhusiwa kukimbia msimu wa mbio za nyika. Mshauri wa wanamichezo akamtafutia A ya bure. Nilipompigia kumweleza kwamba idara hairuhusu mtu aliyekulia kwenye Kiswahili kuanza na "jina lako nani", alinijibu kwa upole sana, na upole huo ndio ulionitia wasiwasi. Akasema hakuna kanuni ya NCAA inayokataza. Akasema msichana anafaidika, timu inafaidika, na darasa langu nalo linapata mtu. Hilo la mwisho alilitamka taratibu, maana alijua. Kozi za lugha ndogo huishi kwa idadi: wakipungua kiwango fulani kozi inafutwa, na mimi ninayelipiwa ada kwa kuifundisha nafutika nayo. Safu ya nyuma ndiyo iliyokuwa ikitushikilia.

Nilikwenda kwa mkuu wetu wa Kiswahili, mzee wa Kizanzibari ambaye alikuwa kule tangu mimi sijazaliwa. Tulimwita Maalim.

"Mwanangu," akaniambia, "unajua yaliyotokea North Carolina?"

Nilikuwa nimesikia juu juu. Alinipa ripoti nikaisome, na usiku ule sikulala vizuri. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilifunguliwa mwaka 1795, ni miongoni mwa vyuo vya umma vikongwe na vinavyoheshimika kuliko vyote Marekani, na timu yake ya kikapu ndiyo aliyoichezea Michael Jordan. Kwa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, idara moja pale iliendesha kozi zisizo na vipindi wala mwalimu. Mwanafunzi alikabidhi insha moja mwisho wa muhula, na mara nyingi aliyeisahihisha alikuwa katibu wa idara, ambaye si mhadhiri, na alama zilikuwa za juu bila kujali kilichoandikwa. Uchunguzi uliotangazwa Oktoba 2014 ulihesabu wanafunzi zaidi ya 3,100 waliopitia humo. Karibu nusu yao walikuwa wanamichezo, na washauri wao walijua vizuri mlango ulipo.

Idara hiyo ilikuwa ya masomo ya Afrika na ya Wamarekani Weusi, na ndani ya kozi hizo kulikuwa na Kiswahili. Mtu aliyedaiwa kumaliza ngazi ya tatu ya lugha aliweza kuandika insha kuhusu utamaduni wa Waswahili, kwa Kiingereza, akahesabiwa kuwa ameijua lugha.

Nimeshaisimulia habari hii kwa watu wengi wa nyumbani na wengi hucheka kwanza. Mimi ilinichoma. Hawakuchagua fizikia. Hawakuchagua hata Kifaransa. Walichagua kitu ambacho hakuna mkubwa wa chuo angekuja kukikagua, kwa kuwa hakuna aliyetegemea kiwe na uzito. Halafu ilipolipuka, waliosemwa ni vijana Weusi waliocheza na somo lililobeba jina la Afrika. Shirika linaloithibitisha elimu ya vyuo vya kusini liliweka chuo kwenye uangalizi kwa mwaka mmoja, 2015. NCAA yenyewe, baada ya uchunguzi wa miaka, ilitangaza Oktoba 2017 kwamba haiwezi kutoa adhabu, kwa kuwa kozi zile zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si wanamichezo peke yao. Nisome tena mwenyewe: kwa kuwa uozo ulimfikia kila mtu, si kosa la michezo. Bendera za ubingwa zimebaki darini zikining'inia.

Maalim alikuwa na msimamo mmoja. "Mtihani wetu ukiwa mwepesi, haitasemwa timu. Itasemwa lugha." Binti wa Kapsabet tukampa mtihani wa kupima kiwango, mgumu, wenye ushairi na barua rasmi. Akaupita. Sharti lake la lugha likafutika kihalali, na nafasi iliyobaki kwenye ratiba akaweka takwimu. Mshauri hakufurahi. Hata yeye binti mwezi wa kwanza alininunia, maana takwimu zilimtoa jasho akapata C ya chini, na msimu ule alikimbia akiwa amening'inia kwenye uzi. Hakukosa shindano lakini. Miaka mitatu baadaye alihitimu afya ya jamii.

Maalim ndiye pia aliyenitoa kwenye mawazo rahisi ya kwamba michezo ifutwe tu. Alinisimulia habari ya Chicago. Rockefeller alipotoa fedha ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1890, rais wake wa kwanza alimwajiri kocha, Amos Alonzo Stagg, akampa cheo cha uhadhiri kabisa, kwa sababu chuo kipya kilihitaji kusikika. Kikasikika. Mchezaji wa kwanza kupata nishani ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mpira wa vyuo, mwaka 1935, Jay Berwanger, alikuwa wa Chicago. Kisha akaja rais mwingine, Robert Hutchins, aliyeona mpira ule hauna uhusiano na elimu, na mwaka 1939 akaufuta wote. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliendesha mmenyuko wa kwanza wa mnyororo wa nyuklia uliotengenezwa na binadamu chini ya majukwaa ya uwanja ule ule, uliokuwa umebaki bila timu. Chicago leo ni jina kubwa sana la elimu, na mpira wamerudisha tangu 1969, mdogo, usio na ufadhili wa wachezaji.

"Umeona?" nikamwambia Maalim. "Walifuta wakafaulu."

"Walifuta *baada* ya kusikika," akanijibu. "Na walikuwa na Rockefeller. Wewe nani atakupa?"

Aliyekuwa hana Rockefeller ni Connecticut. Watanzania tunakijua chuo hicho kwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar aliyecheza pale mpaka 2009, akachaguliwa wa pili kwa NBA nzima. Kilikuwa chuo cha mashambani ambacho watu wa jimbo lenyewe waliwakimbiza watoto wao kwingine. Mwaka 1995 timu ya kikapu ya wasichana ilichukua ubingwa wa taifa bila kufungwa mchezo hata mmoja, na mwaka huo huo bunge la jimbo likapitisha mpango wa dola bilioni moja kujenga upya madarasa na maabara. Nani atasema ni bahati tupu? Wabunge nao ni mashabiki. Fedha zile zikaleta walimu, walimu wakaleta wanafunzi wenye alama za juu. Hata hivyo hicho hicho, mwaka 2013, kilizuiwa kuingia mashindano ya taifa ya kikapu cha wanaume kwa sababu alama za maendeleo ya masomo za timu yake zilikuwa chini ya kiwango. Mwaka uliofuata kikarudi, kikawa bingwa. Ukinisukuma niseme kama mpira huo wa kikapu ulikijenga au ulikibomoa chuo kile, nitasema ulikijenga, ila waliobebeshwa matofali hawakupewa nafasi sawa ya kukaa ndani ya nyumba.

Nebraska nayo ni ya kutazama: mwaka 2011 iliingia kwenye ligi ya Big Ten, heshima kubwa ya uwanjani, na mwaka huo huo ikapigiwa kura ya kutolewa kwenye umoja wa vyuo vikuu vya utafiti ilimokuwa zaidi ya miaka mia. Jina moja likapanda na jingine likashuka, na fulana zikauzwa kama kawaida.

Na wale tunaowaona wa juu kabisa, Harvard, Yale, Princeton na wenzao? Ivy League ni ligi. Ni ligi ya michezo kama Ligi Kuu ya NBC, iliyoafikiwa rasmi 1954 kwa sharti la kutotoa ufadhili wa kimichezo. Wazazi wengi wa kwetu wanaolitaja jina hilo kwa heshima hawajui kwamba wanataja msimamo wa ligi. Hata huko, mwaka 2019, ilibainika kwamba matajiri walikuwa wakiwahonga makocha wa vyuo kama Yale, na nje ya ligi hiyo Stanford na Georgetown, ili watoto wao waandikwe kuwa ni wanamichezo, wakati wengine hata mchezo wenyewe hawakuujua. Mlango wa michezo tunaodhani ni wa watoto wa maskini ulikuwa na foleni ya pili upande wa nyuma.

Siku hizi mambo yamebadilika kwa upande wa fedha. Tangu Julai 2021 mwanamichezo anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, mpaka dola milioni 20 na kidogo kwa mwaka kwa chuo kimoja. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani niliofundisha wangetajirika. Kwa wakimbiaji wetu habari ni nyingine, kwa kuwa fedha hizo karibu zote huenda kwenye mpira na kikapu, na viza ya mwanafunzi haimruhusu mgeni kufanya kazi za namna hiyo akiwa ndani ya nchi. Wakati huo huo vyuo vikianza kubana matumizi, timu za kwanza kutajwa kufutwa huwa ni riadha, tenisi na kuogelea. Sipendi kutisha watu, lakini mzazi ajue.

Maana wazazi wananipigia. Tangu nirudi, namba yangu inapitishwa Arusha na Manyara kama ya mganga. Juzi amenipigia baba mmoja wa Mbulu, mwanawe amekimbia vizuri mashindano ya shule na kocha wa chuo fulani cha Marekani amemtumia barua pepe.

"Shikamoo mzee. Chuo chenyewe kinaitwaje?"

Akanitajia. Akaniambia ni chuo kikubwa, ameona wameandikwa kwenye fulana za mnadani.

"Barua inasema ufadhili ni wa miaka mingapi?"

Kimya kidogo, karatasi zinakunjuliwa. "Mmoja."

"Na akiumia goti?"

"Hapajaandikwa."

"Anakwenda kusomea nini?"

"Mbio, mwanangu."

"Hapana mzee, somo. Shahada."

"Kocha amesema watamchagulia akifika."

Nikamwomba asisaini kwanza. Amwandikie kocha, aulize wakimbiaji waliomaliza kwake miaka mitano iliyopita walisomea nini, na wangapi wamehitimu. Ameniahidi kijana ataandika leo usiku akitoka kulisha ng'ombe, na Kiingereza nitawasahihishia mimi.